Kashe ya Bibi Yangu

Neno hili kashe sikulipata shuleni. Shule yenyewe niliishia darasa la nne, na la pili nililirudia, kwa hiyo nilikaa miaka mitano nikapata madarasa manne. Nililipata mlangoni kwetu Kapata, kampi ya kampuni ya shaba huko Kolwezi, katika kinywa cha mlinzi wa kampuni aliyeshika chuma kirefu.

Kashe ni kitu ulichokificha ili kije kikufae, na ni mahali ulipokificha pia. Kwetu yote mawili ni neno moja. Waliosoma wanasema limetoka katika Kifaransa, nami sibishi, maana mzungu akitaka kusema "ficha" anasema karibu hivyo hivyo. Lakini ukiniuliza mimi limetoka wapi, nitakuambia limetoka mlangoni, siku ya posho.

Posho ni chakula ambacho kampuni iliwagawia wafanyakazi wake: unga, maharagwe, chumvi, mafuta ya mawese, samaki mkavu. Tata yangu, yaani baba, alikuwa anaileta juu ya baiskeli, anaisukuma, haipandi. Siku ile ile, au kesho yake, walinzi wawili walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba katika kampi kutafuta vitu vilivyotoka kazini bila ruhusa. Sabuni, waya wa shaba, vitambaa vya kufutia mashine. Mmoja alikuwa anauliza, mwingine anachoma. Alichoma godoro, alichoma udongo wa bustani, alichoma hata majani ambayo kuku wetu alikuwa anatagia. "Kashe iko wapi? Mama, toa kashe!" Mwisho anachoma unga. Anakisukuma chuma katikati ya gunia mpaka chini, anakizungusha, anakitoa kimekuwa cheupe, anakipangusa kwenye suruali yake.

Mama alikuwa anasimama pale na mtoto mgongoni, hasemi kitu. Wakisha kwenda, anaumwaga unga wote juu ya mkeka, anauchekecha upya, gunia zima, ingawa hakuna kilichoingia. Nilimwuliza mara moja, "Mama, unatafuta nini?"

"Natoa mukono yake," akasema.

Wakati wa likizo tulikuwa tunakwenda kijijini kwa nkambo, mama wa tata. Nkambo alikuwa na butala nyuma ya nyumba, ile ghala ya miti iliyosimama juu ya miguu yake, na mtu yeyote aliyepita njiani aliweza kuona kama mwaka huu una chakula au hauna. Kama hauna, butala inaonekana imelegea kama tumbo la mbwa. Hakukuwa na siri. Nilimwambia nkambo kwamba kwetu kampi watu wana kashe. Akauliza, ni mnyama gani huyo? Nikashindwa kumweleza. Nikasema ni butala inayolala chini. Akanitazama kwa huruma, akanipa muhogo.

Nimelifikiri sana neno hili, maana uzee hauna kazi nyingi. Mama yangu hakulitamka hata siku moja, wala jirani zake. Aliyelitamka ni yule mwenye chuma. Naona mwenye kuficha hana haja ya kukipa kitu chake jina. Anayetafuta ndiye anayehitaji neno la kupigia kelele.

Sasa nije kwa bibi yangu. Na kwetu bibi ni mke, watu wa pwani wasije wakafikiri ninamsema nyanya yangu. Nilimwoa akitoka vijiji vya ng'ambo ya mto Lualaba, msichana mrefu, mchache wa maneno, mwenye kucheka kwa pua. Siku walipomleta, mama yake alinikalisha chini akaniambia, "Wewe utakula kile kinawekwa mbele yako. Chungu hakiko mbele yako si yako. Mwanaume akichungulia mahali bibi yake anaweka chakula, njaa inamuona."

Nikaogopa kuonwa na njaa. Mimi ni mtu wa kutii mambo madogo. Makubwa ndiyo yananishinda. Nimekunywa pombe, nimewahi kuiba kopo la mafuta ya mashine na kulitupa mtoni kwa woga kabla sijafika nyumbani, lakini mahali bibi yangu anaweka chakula sikuchungulia. Kila posho ikifika, kabla ya kusonga bukari ya kwanza, ndiyo ugali, alikuwa anachota unga kopo moja. Kopo lenyewe lilikuwa la bati jeupe, rangi imebanduka mdomoni. Analifunika na kitambaa. Mimi nageuza uso, kama mtu anayepita karibu na wanawake wanaooga. Nikigeuka tena, kopo ni tupu na linaning'inia kwenye msumari wake.

Kazi yangu ilikuwa kupaka mafuta mashine za kuchimba, huko Mashamba, kwenye yale mashimo makubwa ya shaba. Mashine moja ilikuwa kubwa kuliko kanisa letu. Miaka ikaja ambayo kampuni iliugua. Mashine zikasimama moja moja. Tuliendelea kwenda kazini, na mimi nikaendelea kupaka mafuta mashine zisizokwenda, ili zisishike kutu. Posho ikapungua, ikawa inakuja na kutokuja, ikafa kabisa. Siku moja hapakuwa na kitu nyumbani, na watoto watano, nikaondoka kwa aibu nikaenda kukaa kwenye reli mpaka jua likalegea. Niliporudi, bukari ilikuwa mezani inatoa moshi.

"Hii imetoka wapi?" nikauliza.

"Mu sufuria," akasema.

Alitupitisha hivyo, sijui kwa miezi mingapi. Kidogo kidogo. Nami sikuuliza tena.

Mwaka huu, kiangazi kikiwa kikali, bibi yangu alianguka akianika nguo. Hospitalini walisema ni tansiyo, damu imepanda ikaharibu upande mmoja. Mkono wa kuume ulikufa, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakaondoka. Likabaki moja tu, "eh", na hilo analitumia kwa kila kitu. Kwa maji ni eh, kwa jua ni eh, kwa mimi ni eh. Niseme wazi: nimechoka. Kumwinua mtu aliye nusu ni kazi kubwa kuliko kumwinua mzima, na mgongo wangu niliuacha Mashamba chini ya zile mashine. Nilimwosha, nilimlisha, nilipika bukari yenye madonge ambayo yeye aliitazama tu. Siku moja nilimpigia kelele kwa sababu ya shuka. Kisha nikakaa nje juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikaona kwamba hatutafika Krismasi hivi.

Binti yetu mkubwa anakaa Kisenge, kule kwenye madini ya manganizi, bwana wake ni muuguzi. Alisikia, akaja. Alitutazama kwa siku mbili, akafua kila kitu, akasema, "Papa, nabeba nyinyi wote wawili." Nikasema ndiyo kabla hajamaliza, kwa haraka iliyonitia haya.

Tulipata lori. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ni Mwislamu, watu wake walitoka Kasongo, na ukoo wake wote ni biashara na usafiri. Alikuwa anapeleka chumvi na sabuni huko Kisenge siku ya Ijumaa, na baada ya hapo hakuna tena, kwa kuwa mvua ya kwanza ilikuwa imeshaanza kunukia, na mvua ikikamata ile njia, lori linalala matopeni wiki nzima. Akasema, "Mzee, mama nitamweka mbele kwenye kiti. Wewe utakaa juu ya chumvi. Utafika umekauka vizuri, hutaoza tena." Nyumba tulimwachia mdogo wangu, naye akaipangisha kwa vijana wachimbaji waliotoka mbali. Yote yalikuwa tayari.

Jumatatu tukajaribu kumtoa bibi yangu mpaka barabarani, aone kama ataweza kupanda. Kufika mlangoni, akaukamata mti wa mlango kwa ule mkono wa kushoto. Binti akavuta taratibu. Hakuachia. "Eh!" Akanyoosha midomo yake kuelekea ndani, kama wanawake wa kwetu wanavyoonyesha kitu, kule jikoni, pembeni. "Eh! Eh!" Machozi yakamtoka kwenye jicho moja.

"Kuna nini pale, papa?" binti akauliza.

Ndipo nikasema neno ambalo sikuwahi kulisema katika nyumba yangu. "Kashe. Mama yako eko na kashe."

Pembe ile ilikuwa na sakafu ya saruji, ukuta, na jiko la zamani la matofali ambalo kampuni ilijenga katika kila nyumba na ambalo hakuna aliyelitumia tangu kuni ziishe. Sisi sote tunapikia mbabula, jiko la makala, yaani makaa. Ukutani hapakuwa na mlango wala tundu. Nikafikiri, mwanamke anaficha wapi? Chini. Na Jumanne asubuhi nikaazima mtaimbo kwa jirani yangu wa Kasongo, nikaanza kupasua sakafu.

Hapa lazima nikueleze, kama hujakaa Kolwezi miaka hii. Siku hizi mtu akivunja sakafu ya nyumba yake, watu hawasemi anatafuta bomba. Kuna waliochimba viwanja vyao, wakaingia chini mpaka jasho lao likawa tope, wakatoa kobalti kitandani mwao. Kwa hiyo mtaimbo ukigonga saruji ndani ya nyumba, sauti yake inasikika kama kengele ya misa. Sikufika hata goti, dirisha likawa na vichwa.

"Tata, jambo! Umefika ku mita ngapi?"

"Mita nini? Natafuta kitu ya bibi yangu."

Wakacheka mpaka mmoja akajishika ukuta. "Bote banasema vile! Ule wa barabara ya pili alisema anachimba choo."

"Na huyu eko anachimba choo mu jikoni," mwingine akasema. "Tata, utakula kwanza ao utaenda kwanza?"

Waliingia bila kukaribishwa, vijana wa kila mahali, wenye Kiluba, wenye Lingala, magoti meupe kwa vumbi. Mkubwa wa barabara yetu alikuja naye na kofia yake, akatafuta kiti, akakaa, akasema kwa uchungu kwamba jambo kama hili mtu hulijulisha. Nikamwambia hakuna jambo. Akasema, "Ndiyo, tata, hakuna jambo, nangojea tu." Bibi yangu tulikuwa tumemkalisha uani chini ya nguo zilizoanikwa, mlango ukiwa wazi, anaona yote.

Mtaimbo ukateleza, udongo mwekundu ukafunguka, na ndani yake kukawa na vipande vyeusi.

"Nyeusi!" mtu akapiga kelele. "Iko nyeusi!"

Sasa kobalti nayo ni jiwe jeusi, kila mtoto wa Kolwezi anajua. Kipande kikapita mkono kwa mkono, kila mtu anakipima uzito, anakigeuza, mpaka kikafika kwa mchimbaji mmoja mzee kuliko wengine, mwenye macho mekundu. Akakinusa. Akakiburuta ukutani kwangu, kikaacha mstari mweusi mrefu. Akakitazama kile kipande, akanitazama mimi.

"Makala," akasema. "Ya kupikia."

"Aba! Tata, umegundua mbabula ya nkambo yako!"

Mkubwa wa barabara akasimama, akavaa kofia. Walicheka wakitoka, walicheka barabarani, na katikati ya kile kicheko nikasikia kingine, cha puani. Bibi yangu alikuwa anacheka. Nusu ya mdomo imeinuka, nusu imelala, mabega yanatikisika. Hakuwa amecheka tangu aanguke. Nilimchukia kidogo, nakubali. Kisha nikakaa kwenye ukingo wa shimo langu nikacheka nami, mpaka mgongo ukanikataza.

Lakini kicheko hakikutupeleka Kisenge. Alasiri nikaenda kumpigia bibi yangu magoti pale kwenye kiti. Nikasema, "Mama, lori linakwenda Ijumaa. Nionyeshe. Kashe iko wapi?" Hakunitazama usoni. Alitazama mkono wangu. Nilikuwa bado nimeshika ule mtaimbo, ncha yake imepakaa udongo, na nikajisikia nikisema yale maneno kwa sauti ile ile, na chuma kile kile. Bibi yangu akafumba macho.

Nikarudisha mtaimbo kwa mwenyewe. Jirani wa Kasongo alikuwa anafunga turubai la lori, akaniona, akashuka.

"Mzee, nimesikia una mgodi."

"Niache, bwana. Natafuta kashe ya bibi yangu."

"Sisi kwetu tunasema akiba," akasema. "Akiba ni neno zuri, halina aibu. Mtu anaweka akiba mchana."

"Na yule anayeitafuta akiba ya mwenzake, mnamwita nani?"

Akafikiri, akapangusa mikono. "Mwizi," akasema. "Ama mrithi. Wewe ni yupi kati ya hao, mzee wangu? Maana mama bado anapumua."

Nikarudi nyumbani nikiwa nimechoka kuliko siku zote za Mashamba.

Jumatano binti alikuwa anapika. Maji yalikuwa yanachemka, unga uko katika beseni. Sijui ni nini kilichoniambia. Nikatoa lile kopo kwenye msumari, nikachota unga kabla ya bukari, nikalifunika na kitambaa, nikaenda kumwekea bibi yangu katika mkono wake wa kushoto. Nikageuza uso.

Kisha nikasikia kiti kinalia, na mguu unaburuta.

"Papa, mama anaenda!"

"Usitazame."

"Ataanguka!"

"Akianguka tutasikia. Usitazame, mwanangu."

Mguu ukaburuta, ukasimama, ukaburuta. Haukuja jikoni. Ulitoka mlango wa nje, ukafuata ukuta, ukaenda mbali mno. Mwishowe nikavunja sheria ya mama mkwe wangu na kuchungulia. Nyumba za kampuni Kapata zimejengwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, ukuta wa jikoni ni mmoja. Bibi yangu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba pacha yetu, kwa jirani yetu mjane, anagonga kufuli kwa mdomo wa kopo. Unga kidogo umemwagika kifuani. "Eh. Eh. Eh."

Mjane yule tumekaa naye ukuta mmoja tangu tulipooana. Lakini alikuwa ameondoka tangu Jumamosi, ameenda shambani mbali kutayarisha kupanda, wanawake wanalala huko wiki nzima kukaribia mvua. Bibi yangu hakuwa ananionyesha sakafu. Alikuwa ananionyesha ukuta.

Nikakimbia, kama naweza kusema nakimbia, kwa jirani wa Kasongo. Lori lake jingine dogo lilikuwa linabeba makala njia ile ya mashamba. Akatuma neno.

Alhamisi, jua katikati, mjane akafika na jembe kichwani na matope mpaka magotini, akaanza kusema kabla hajafika.

"Banasema unachimba mu nyumba, tata. Umepata mukuba?"

Mukuba ni shaba. "Nimepata makala," nikasema.

"Unastahili." Akaweka jembe, akaenda kwanza kwa bibi yangu, akamshika mashavu yote mawili, lile zima na lile lililolala, wakakaa hivyo. Kisha akanigeukia. "Ulikuwa unatafuta nini?"

"Kitu yake."

"Kitu yake iko kwangu. Yangu njo iko kwenu." Akaona sielewi. "Wee mwanaume, sikia. Kama kitu yako iko mu nyumba yako, mulinzi anaingia, anakuuliza, unadanganya, na uso yako inakutoa. Lakini kama yako iko kwa mwenzako, unamwambia, 'Sina kitu.' Na ni kweli! Anachoma na chuma yake mpaka anachoka. Mama yako mwenyewe njo alitufundisha, mi na bibi yako, tulipoingia humu bado batoto."

Mama yangu. Nikamwona tena amesimama na mtoto mgongoni, hasemi kitu. Nilifikiri miaka yote hiyo kwamba alikuwa anaogopa.

Mjane akaingia jikoni mwetu, akalizunguka shimo langu kwa midomo ya dharau, akaenda kwenye lile jiko la matofali. Chini, kwenye tundu la kutolea majivu, palikuwa pamezibwa kwa udongo ambao nimeuona kila siku na kuudhani ni ukuta. Akaubandua kwa ncha ya kisu, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa kopo kubwa la maziwa ya unga lenye mfuniko. Kutoka ukingo wa shimo langu mpaka hapo, mkono wangu ungefika. Akapita akaenda kwake, akarudi na kopo la pili. Akayaweka yote mawili mezani, mbele ya bibi yangu.

Bibi yangu akanyoosha mkono wa kushoto. Kopo lake hakuligusa. Aligusa lile la mwenzake, akalisukuma juu ya meza, kidogo kidogo, linakwaruza, mpaka likafika kifuani kwa mjane. Akaachia. Akashusha pumzi ambayo nadhani alikuwa ameishika tangu binti alipofungua midomo kusema Kisenge.

Hakuwa anakataa kwenda, basi. Alikuwa anakataa kwenda akiacha kitu cha mtu katika nyumba inayoingia wageni, na hakuwa na neno la kutuambia. Nami nilimpasulia sakafu.

Tukafungua. Kila mwaka walikuwa wanabadilisha, unga mpya unaingia, wa zamani unapikwa. Lakini mwaka huu mmoja alianguka, na mwingine peke yake hakuwa na moyo. Unga ulikuwa umegeuka rangi, una wadudu wanaotembea bila haraka. Chumvi katika kitambaa imekuwa jiwe. Kipande cha sabuni ya kampuni, ya zamani hasa, kimepasuka kama kisigino. Ni hivyo tu. Katika makopo yote mawili vitu vilikuwa vile vile.

"Sasa yangu nitaweka kwa nani?" mjane akasema. "Upande huu watakuja hawa batoto ya mashimo." Alisema polepole, kama anaiuliza ile meza. Binti akaanza kusema kwamba siku hizi hakuna walinzi wanaochoma, akaona nyuso zetu, akayaacha, akaleta beseni.

Mjane akamwaga makopo yote mawili katika beseni moja. Akachukua chekeche, akachekecha, anarudia, anarudia, wadudu wanabaki juu na yeye anawapuliza uani kwa kuku. Bibi yangu aliushika ukingo wa beseni kwa mkono wake mmoja lisiteleze. Kisha wakasonga bukari. Ilikuwa chungu na ilinuka bati. Binti alipoweka tonge la kwanza mdomoni, uso wake ulikunjamana.

"Kula, mama," mjane akamwambia. "We ulishakula hii, haujue tu. Ile miaka ulikuwa unalilia nyongeza."

Tukala wote, tukaimaliza. Jirani wa Kasongo alipita kuuliza saa ya kuondoka, akapewa tonge, akasema bismillahi, akatafuna muda mrefu, akasema kwamba amekula vizuri. Ni mtu wa adabu.

Ijumaa asubuhi nilijaribu kulifunika shimo. Udongo uliotoka ulikataa kurudi wote, ukabaki kichuguu pale jikoni, na vijana wapangaji walipofika na magodoro yao wakakitazama, wakatazamana. Nikawaambia ni makala tu. "Ndiyo, tata," wakasema. Nimesikia kwamba sasa shimo hilo limepita urefu wa mtu.

Bibi yangu alipita mlangoni bila kushika kitu. Mjane alitembea naye mpaka kwenye lori, akampandisha kwa bega, akamwekea lile kopo la bati mapajani. Hawakulia. Walikuwa wamechoka kama mimi.

Sasa tunakaa Kisenge, uani kwa binti yetu. Vumbi la manganizi ni jeusi, nguo hazikai nyeupe. Kuna mama mmoja mzee nyumba ya pili, anatembea na fimbo, anakuja kila asubuhi kukaa na bibi yangu. Yeye anasema, bibi yangu anajibu eh. Wanapatana.

Juzi binti alikuja kwangu na beseni mkononi.

"Papa, unga inapungua. Si panya. Ni kama mutu anachota, kopo moja, kopo moja. Hujaona kitu?"

Kwenye msumari, nyuma yake, kopo lilikuwa linaning'inia bado linacheza.

"Sikuona," nikamwambia, na ilikuwa kweli.